Oveni ya bati au sufuria la kupalia? Keki ya bethidei ya mtoto nyumbani, Tanga

Mtoto anayetimiza miaka 2 au 3 hajui tofauti ya keki ya ghorofa tatu na mkate wa mayai uliomwagiwa sukari juu. Anachojua ni kwamba leo watu wamekuja, wanamwimbia, na katikati ya mkeka kuna kitu kitamu. Wanaojua tofauti ni wazazi, mashangazi na simu zao. Ndiyo maana kila siku ya kuzaliwa inapokaribia linarudi swali la pesa: ninunue oveni ya mkaa kwa fundi bati, niagize keki ya kilo, au nitumie sufuria lililopo jikoni?

Hukumu tunaitanguliza, asiye na muda aishie hapa. Kwa keki moja, mara moja au mbili kwa mwaka, sufuria la kupalia, yaani makaa chini na mengine juu ya mfuniko, linatosha, na kwa mkate wa mayai linaishinda oveni. Oveni ya bati inalipa kwa nyumba inayooka kila wiki, inayouza, au kwa nyumba tatu nne zilizochangia moja. Keki ya kuagiza nayo ina mahali pake, ila wengi huiagiza bila kuuliza maswali mawili ambayo yangewaokolea pesa.

Oveni ya bati

Ni sanduku la bati lenye mlango mbele, droo ya makaa chini na sinia la makaa juu ya paa lake. Ndani kuna rafu moja au mbili za nondo nyembamba. Fundi huitengeneza kwa oda, na bei hufuata ukubwa, unene wa bati, na kama ukuta ni mmoja au miwili. Hilo la mwisho ndilo la kulipigania. Ukuta mmoja hupoteza joto upande unakotoka upepo. Kusi likivuma, oveni iliyowekwa uani Raskazone, ambako upepo wa bahari haukutani na kizuizi, itaivisha keki upande mmoja na kuuacha wa pili mweupe kama unga. Ukuta wa bati mbili wenye majivu au udongo mkavu katikati hushika joto, hula mkaa kidogo, na mtoto akiuegemea kwa bahati mbaya hapati lengelenge papo hapo. Ubaya wake ni uzito: kuihamisha kunataka watu wawili.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu hapo hapo kwa fundi, wala usione haya. La kwanza, washa tochi ya simu, iweke ndani, funga mlango, kisha tazama pembeni mahali penye kivuli. Kila unapoona mwanga ndipo joto litakapotokea. Mstari mwembamba kwenye bawaba unavumilika. Mwanga wa upana wa kidole chini ya mlango ni wa kurudisha kwa fundi. La pili, weka gololi katikati ya rafu. Ikibingirika, rafu imelala upande, na keki itatoka imeinama kama paa la banda. La tatu ni la rula: kutoka usawa wa makaa ya chini hadi rafu pawe na sentimita 15 au zaidi. Oveni nyingi za bei nafuu zina sentimita 8 au 10 tu, na humo ndimo keki huungua chini ingali tope katikati. Ukishanunua ya hivyo, dawa yake ni kulaza bati la pili au kigae kipana chini ya rafu, kiwe ngao kati ya makaa na chombo.

Ukubwa usikudanganye. Kwa tini ya keki ya sentimita 23, upana wa ndani wa sentimita 35 unatosha, maana unabaki na nafasi ya sentimita 6 kila upande hewa ipite. Oveni kubwa kuliko hiyo ni tumbo tu la kulishwa mkaa.

Kuna jambo la bati lenyewe ambalo wauzaji hulipita haraka. Bati linalong'aa lenye mawimbi kama ya barafu limepakwa zinki. Likipata moto mkali sana zinki hutoa moshi usiofaa kuvutwa. Bora bati jeusi lisilopakwa kitu, angalau kwa paa la ndani na droo ya makaa. Kama uliyonayo ni ya zinki, iwashe mara ya kwanza ikiwa tupu, nje kabisa, kwa saa nzima, nawe usisimame kwenye moshi wake; baada ya hapo usiipe moto wa kupita kiasi na usiweke chakula moja kwa moja juu ya bati. Iliyopakwa rangi ndani usiichukue hata kwa bure. Bati jeusi nalo lina deni lake: hewa ya Tanga ina chumvi, na oveni iliyoachwa uani masika moja huanza kumomonyoka kwenye viungo. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia ikiwa bado vuguvugu, iweke juu ya matofali, na uiingize ndani mvua inapoanza.

Mkaa wake: keki ya kwanza hula kama sado moja, kwa sababu bati lenyewe linataka kupashwa kwanza. Ya pili na ya tatu hula nusu ya hapo. Hapo ndipo ilipo hesabu yote ya oveni hii. Ukioka keki moja, umelipa mkaa wa kupasha sanduku. Ukioka nne mfululizo, oveni imeanza kukurudishia.

Na usiingize makaa ndani ya nyumba, iwe oveni, iwe sufuria, hata mvua ikinyesha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Banda lililo wazi pande mbili linafaa. Jiko lililofungwa madirisha halifai, sembuse chumba ambamo watoto wanacheza.

Sufuria la kupalia

Huyu ndiye mshindi wetu, na si kwa sababu ya umaskini. Mkate wa mayai umepaliwa pwani hii tangu enzi ambazo neno oveni halijafika, na umbo la sufuria linaufaa: joto linamzunguka mkate kwa karibu, mfuniko unashika mvuke kidogo, na juu hupata rangi ya kahawia bila kukauka. Kinachotakiwa ni sufuria nene la sentimita 22 hadi 24, mfuniko bapa wenye ukingo wa kuzuia makaa yasianguke, jiko la mkaa, na koleo. Mfuniko ukiwa na mgongo wa duara, geuza badala yake sinia la chuma lililonyooka. Sinia la plastiki lililopakwa rangi ya fedha limeshawatia watu hasara. Likaribie jicho na ulipige kwa kucha kwanza.

Kanuni ni moto mdogo chini, mwingi juu: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Kwa sufuria hilo anza na vipande 7 vya makaa vyenye ukubwa wa ndimu chini na 14 juu, vilivyopangwa kwa duara kufuata ukingo. Usirundike katikati ya mfuniko, hapo ndipo mkate hufanya shimo jeusi. Jumla ni kama nusu sado. Makaa yawe yameshika moto wote na kuvaa majivu meupe. Yanayotoa moshi bado yatautia mkate harufu ambayo hata iliki haiifichi.

Moto huchukua dakika 20 hadi 25 kufika hapo, nao mkate wa mayai hausubiri mtu. Kwa hiyo washa mkaa kwanza, ndipo upasue mayai. Ukifanya kinyume, mapovu uliyoyatolea jasho yatakuwa yamelala bakulini wakati wewe unapepea jiko.

Vipimo: mayai 6, sukari gramu 180, unga wa ngano gramu 180, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, na chembe ya chumvi. Asiye na mizani atumie kikombe cha mililita 240: unga kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja kasoro kidogo. Mayai ya kienyeji ni madogo, hivyo weka 7 au 8 badala ya 6. Rangi ya mkate itakuwa ya manjano ya kupendeza kuliko ya mayai ya kisasa. Iliki ya Amani na Muheza inapatikana sokoni ikiwa na maganda yake; nunua hiyo, menya, twanga siku ile ile. Iliyosagwa zamani huwa imebaki jina tu.

Hakuna siagi, hakuna beking pauda. Kinachouinua mkate ni hewa iliyomo kwenye mayai, na ndiyo sababu kupiga mayai ndiko kazi yenyewe. Piga mayai na sukari pamoja, kwa mashine dakika 8 hadi 10, kwa mkono dakika 15 hadi 20 bila kupumzika sana. Mchanganyiko unapaswa kuwa mweupe mweupe, mzito, umeongezeka mara tatu. Kipimo: inua mchapo, chora mstari juu, hesabu mpaka 10. Mstari ukizama kabla hujamaliza, endelea. Mayai yaliyotoka kwenye friji huchelewa, yaache nje saa moja kwanza. Kwa joto la Tanga hiyo inatosha.

Unga uchekeche mara mbili, uumimine kwa mafungu matatu, na uchanganye kwa mwiko mpana ukikata katikati na kupindua kutoka chini. Acha mara tu unga mkavu unapopotea. Hapa ndipo wengi huharibu, maana wanaona mabonge madogo wanarudi na mchapo, mapovu yanapasuka, na mkate unatoka mgumu kama sabuni ya mche. Mabonge ni kosa la chekeche, si la mwiko.

Sufuria lipakwe mafuta chini tu, na liwekwe karatasi ya kuokea iliyokatwa duara. Pembeni usipake kitu. Mkate huu hupanda kwa kujishika ukutani. Ukipaka mafuta unateleza na kurudi chini. Karatasi ya gazeti usiitumie, wino wake si chakula.

Funika, palia, na usifunue kabla ya dakika 20. Kwa kawaida mkate huiva kati ya dakika 25 na 35. Ukifunua, inua mfuniko kwa koleo ukiwa umelala sawa, uupeleke pembeni, ndipo uchungulie. Ukiuinamisha, majivu yote yanaingia ndani. Choma kijiti katikati: kikitoka kikavu, ondoa. Juu kukiwa kumeiva na ndani bado, punguza makaa ya juu hadi 5 na uache ya chini. Chini kukinukia kuungua mapema, toa sufuria jikoni kabisa, liweke juu ya tofali la moto, liendelee kwa makaa ya juu peke yake.

Ukitoka, uache dakika 10, pitisha kisu pembeni, pindua. Utakuwa na mkate wa gramu 600 hivi, yaani vipande 10 vya watoto.

Mwenye jiko la gesi hawezi kupalia, naye hutumia mchanga. Sufuria kubwa, mchanga wa sentimita 3 ndani yake, moto wa wastani dakika 15, kisha sufuria dogo lenye keki linakaa juu ya mchanga, linafunikwa, moto unashushwa. Dakika 50 hadi 60. Inafanya kazi, ila juu hubaki peupe kwa kuwa joto lote linatoka chini. Ukipaka sukari hakuna atakayeona. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula aluminiamu. Tumia wa mtoni au wa kujengea, uliochekechwa, ukaoshwa mpaka maji yakawa meupe, ukaanikwa. Na usitumie sufuria ulilopenda, maana halitarudi rangi yake.

Oveni ndogo ya umeme tuipitie haraka: ni rahisi kuliko zote, hula kama uniti moja ya LUKU kwa keki, na adui yake ni umeme kukatika dakika ya 10, wakati keki imepanda haijashika. Hilo likitokea usifungue mlango. Mara nyingine joto lililobaki linaokoa.

Keki ya majarini, na hapo oveni inapopata haki yake

Keki nzito ya majarini inaivishwa vizuri zaidi na oveni kuliko sufuria, maana inataka moto wa polepole wa nyuzi 170 hadi 180 kwa dakika 45 hadi 50, na makaa ya mfuniko hupoa kabla ya hapo. Vipimo vya tini ya sentimita 23: majarini gramu 250, sukari gramu 200, mayai 5, unga gramu 300, beking pauda vijiko 2 vya chai, maziwa mililita 120, na maganda ya chungwa moja la Muheza yaliyokwaruzwa juu juu, ile rangi tu, si nyama nyeupe iliyo chungu. Ukijumlisha na kutoa kinachopotea kwa mvuke, unapata keki ya kilo moja. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji kwa muuza keki.

Wasio na kipimajoto wapime kwa unga. Tandaza kijiko kimoja cha unga kwenye kibati, weka ndani, funga, hesabu dakika 5. Ukiwa na rangi ya biskuti, moto ni wastani, ingiza keki. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa wa kahawa, fungua mlango upunguze, kwa sababu keki itakayoingia humo itavaa ganda haraka, kisha rojo la ndani likipanda litalipasua katikati. Mpasuko huo wengi huulaumu unga; ni moto.

Keki iliyotumbukia katikati ina sababu tatu, na tunazipanga kwa wingi wake: mlango ulifunguliwa mapema, beking pauda imezidi, au imetolewa mbichi. Ya pili inachekesha kwa kuwa mtu huongeza beking pauda ili keki ipande, nayo hupanda kwa pupa, ikakosa cha kuishikilia, ikaanguka. Beking pauda iliyofunguliwa muda mrefu kwenye unyevu wa pwani huwa imekufa. Tupia nusu kijiko kwenye maji ya moto: isipochemka povu, itupe.

Keki ya kuagiza kwa kilo

Waokaji wa majumbani ni wengi mjini, kuanzia Ngamiani hadi Sahare, na kazi zao nyingi ni nzuri. Malalamiko mengi hutokana na neno kilo. Kwa hiyo swali la kwanza: "Dada, kilo unayosema ni ya unga, au ni ya keki iliyokwisha pamoja na krimu?" Majibu hayafanani, na tofauti yake ni kubwa. Keki iliyotokana na kilo moja ya unga inakaribia kilo tatu na nusu kwa vipimo vya hapo juu. Kilo moja iliyokwisha, ukitoa krimu, inaweza kuwa na gramu 700 za keki. Kwa watoto wadogo kata vipande vya gramu 80. Kilo moja iliyokwisha inalisha 12. Usiagize kilo tatu kwa watoto wanane na majirani wanne.

Swali la pili: krimu ni ya aina gani, na itakaa nje muda gani? Miezi ya kaskazi, joto la mchana Tanga hufika nyuzi 32 na kupita, na hapo krimu ya siagi huanza kulegea na maua yake kuinama. Krimu ya unga ya kuchapwa husimama kidogo zaidi. Yoyote yenye maziwa isizidi saa 2 nje ya friji, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32 isizidi saa 1. Fondanti inapendeza pichani, ila ikitoka kwenye friji kuingia kwenye hewa yetu ya unyevu hutoka jasho na rangi huchuruzika. Isitoshe, watoto huibandua na kuiacha ukingoni mwa sahani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, ukilipia fondanti umelipia picha. Si haramu, ila ujue unacholipia.

Usafiri: bajaji, si bodaboda. Boksi liwekwe sakafuni, siyo mapajani. Mapaja yana mteremko, na mwenye nayo hushtuka kila tuta.

Pambo la juu kwa mwenye kuoka mwenyewe

Acha krimu. Chukua sukari ya unga gramu 150, ongeza maji ya ndimu kijiko kimoja na nusu cha chakula, koroga mpaka iwe nzito inayotiririka polepole, mwagia juu ya mkate uliopoa kabisa. Ukiwa vuguvugu itanyonywa yote. Sukari ya unga ikikosekana, saga sukari ya kawaida kwenye blenda iliyokauka barabara, pamoja na kijiko cha chai cha unga wa mahindi laini. Kwa rangi ya waridi, badala ya ndimu tumia choya iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Ina uchachu wake na rangi yake, na hakuna kichupa cha rangi kinachoifikia. Siku ya unyevu hukauka kwa saa nzima, hivyo imwagie mapema.

Mtoto wa mwaka 1 hahitaji hiyo sukari ya juu kabisa. Mpe kipande cha ndani kilicho laini na ndizi mbivu. Na asiyetimiza mwaka, kama yumo miongoni mwa wageni, asipewe asali.

Maputo, mishumaa na vinginevyo

Maputo ndiyo bidhaa iliyotuvunja moyo kuliko zote. Pakiti za bei ya chini zina mpira mwembamba, na theluthi ya mwisho ya kupuliza ndiyo inayopasua. Pulizia yabaki na nafasi kidogo, yawe na umbo la yai na si la chungwa, na uyatundike kivulini. Jua huipanua hewa na kuuchosha mpira. Kubwa zaidi: kipande cha puto lililopasuka, au puto ambalo halijapulizwa, humkaba mtoto mdogo koo kwa urahisi, hata wa miaka 7. Okota vipande mara tu vinapopasuka. Penye watoto wa chini ya miaka 3 sisi tungeyaacha, tutundike khanga mbili tatu za rangi kali ukutani, tusuke mnyororo wa karatasi, na tuweke kikuba cha asumini mezani. Picha inatoka nzuri zaidi kuliko maputo ya rangi za plastiki.

Mishumaa midogo ya vijiti haivumilii upepo wa uani. Mshumaa mmoja nene wa namba unatosha, uwashwe karibu na ukuta, uzimwe ndani ya dakika moja. Ile ya cheche isipewe mtoto mkononi: joto la cheche hupita nyuzi 1,000. Zipo nyumba zisizowasha mshumaa kabisa. Dua fupi inasomwa, mtoto anakata mkate na babu, halafu visheti na kaimati zinapita. Watoto wa hapo hawaonekani kukosa kitu.

Vyakula viwe vitatu, visizidi. Kwa watoto 10: katlesi ndogo 20, kaimati 40, na juisi lita 3, ya machungwa au ya ukwaju isiyo kali. Sambusa za watoto ziwe bila pilipili, na uziweke alama, maana sambusa zote zinafanana hadi mtoto anapolia. Mtindi baridi wa Tanga Fresh uliopigwa na ndizi unashinda soda, nao humalizika. Karanga, bisi na peremende ngumu weka mbali na wenye chini ya miaka 3, au bora 4. Vya kwenda navyo nyumbani vitie kwenye mifuko midogo ya kaki; mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na ya kaki inapendeza hata mtoto akiichora mwenyewe.

Saa nzuri ni 10 na nusu alasiri hadi 11 na nusu: jua limelegea, waliolala mchana wameamka, na kila mtu yuko kwake kabla ya magharibi. Sherehe ikizidi muda wa saa moja na nusu, mwenye siku yake ndiye huwa wa kwanza kulia.

Mkate wa mayai uliobaki hukaa siku mbili ukifunikwa kwa kitambaa safi; siku ya tatu hukauka, na hapo unachovywa kwenye chai. Sisimizi wa Tanga hawangoji siku ya tatu. Weka sahani juu ya bakuli lililopinduliwa, bakuli ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, na uhakikishe kitambaa hakigusi ukingo wa beseni, maana hilo ndilo daraja lao.